Tamthilia ya Malkia Victoria: nani aliwatuma wamfanye waziri mkuu kuwa mchumba?

Wakuu, mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa tamthilia za Kikorea. Nina hasira zangu mwenyewe.

Wiki nzima sijalala kwa ajili ya Victoria, ile ya Waingereza iliyoanza 2016. Jamaa wa kibanda cha muvi alinijazia flashi kwa buku tatu, akaniapia: "Hii historia tupu, dada." Historia ipi? Vipindi vya mwanzo vyote ni binti wa miaka 18 kumlegezea macho Lord Melbourne, waziri mkuu wake. Eti anamfuata mpaka nyumbani kwake Brocket Hall kumwaga ya moyoni, mzee naye anajibu kwa habari za kunguru!

Melbourne alizaliwa 1779. Victoria anakuwa malkia Juni 1837, bwana ana miaka 58, mgane, akishiba anasinzia na kukoroma. Wao wakatuletea mkaka mwenye macho ya kuua.

Sikatai, Victoria alimganda kweli. Baba yake alifariki yeye akiwa na miezi 8. Akakulia Kensington akilala chumba kimoja na mama yake mpaka siku anakuwa malkia, ngazi hashuki bila kushikwa mkono. Mtu wa hivyo akipata mzee wa kumsikiliza atamwachia? Alipata baba, basi. Hata ule mgomo wa 1839, Peel, mwanasiasa aliyeitwa kuunda serikali baada ya Melbourne, alipotaka baadhi ya wanawake wa kasri wabadilishwe kwa kuwa waume zao ni wa chama pinzani, malkia akakataa katakata na Peel akashindwa kuunda serikali, ilikuwa siasa nzito ile. Siyo wivu wa mapenzi.

Na mapenzi yenyewe yalikuwepo, tena matamu! Oktoba 10, 1839 Albert anafika Windsor, bahari imemchafua tumbo, mizigo imebaki nyuma, hata chakula cha usiku hawezi kwenda kwa kukosa nguo. Siku tano baadaye binti anamwita na kumposa yeye mwenyewe, maana nani angethubutu kumposa malkia? (Ni binamu yake, mama wa huyu na baba wa yule tumbo moja. Tuyaache.) Februari 1840 ndoa, na siku chache baadaye anaandika kwenye shajara kwamba Albert amemvalisha soksi, na kwamba kumtazama akinyoa ndevu ni raha tupu. Soksi, wakuu! Kaandika kwa mkono wake, halafu mtu anakaa chini kutunga mengine.

Sasa msimu wa tatu unaishia Albert kaanguka chini, mwaka 1851. Huyu mtu alikufa 1861! Nikarudi kibandani kuulizia wa nne.

"Bado haujaingia, dada."

Haujaingia. Tangu 2019.