Tupeane uzoefu: moto mjini Mombasa na watu wa zimamoto

Mwana wa Kibokoni

Wadau, salaam aleikum. Kila moto ukitokea mjini hapa, siku ya pili maneno ni yale yale: zimamoto wamechelewa, zimamoto wamekuja bila maji. Sijasikia mtu akieleza gari lile linapita wapi, maji linayapata wapi, na wale vijana hufanya nini wakishashuka. Kwa nilivyoona mtaani kwetu, moto mwingi hushinda kabla gari halijatoka kituoni: simu imepigwa baada ya majirani kuchoka na ndoo, na kichochoro kimejaa tuktuk na pikipiki.

Kwa asiyejua mpangilio: zamani zimamoto ya mji ilikuwa ya manispaa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ikaifanya kazi ya kaunti, na tangu 2013 iko mikononi mwa Kaunti ya Mombasa. Bandari ina kikosi chake, na uwanja wa ndege wa Moi nao una chake. Mji wenyewe ni kisiwa: kutoka ni Makupa, daraja la Nyali, au feri ya Likoni.

Naomba waliofanya kazi hii, waliounguliwa, na waliosaidia kuzima watupe walichokiona. Matusi kwa kaunti yana nyuzi zake, hapa tuongee kazi.

Mstaafu wa Zamu

Aleikum salaam. Nimeianza kazi hii ujanani enzi za manispaa, nikaimalizia chini ya kaunti. Nitasema niliyoyashika kwa mkono wangu.

Tuanze na maji, maana ndipo penye lawama. Gari likibeba lita 5,000, hizo ni tani tano za maji mbali na uzito wa gari. Mpira mmoja ukifunguliwa sawasawa hutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Pigeni hesabu: mpira mmoja, dakika kumi tangi limekauka, mipira miwili, dakika tano. Watu wanaona maji yamekatika, wanasema tumekuja matupu. Tumekuja nayo, yameisha. Maji ya tangi ni ya kuanzia. Ya kumalizia hutoka kwenye haidranti ya barabarani, yaani mdomo wa maji uliowekwa kwa ajili ya zimamoto, na haidranti inategemea bomba. Bomba nalo linategemea Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Maji ya mji huu husafiri mbali na hayatoshi, kwa hivyo yanagawiwa kwa zamu. Ukifika siku isiyo ya mtaa ule, unafungua haidranti inatoa hewa. Nyingine imefukiwa lami barabara ilipotengenezwa upya, nyingine ina kibanda cha mahamri juu yake.

Kwa hivyo dereva mzuri wa zimamoto alikuwa akijua visima. Mji wa Kale una misikiti yenye visima na mabirika, na sisi tulivijua kimoja kimoja: kipi kina maji mwaka mzima, kipi mdomo wake unaingia bomba la kuvutia. Kuna jambo watu hawalijui: pampu haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita saba hivi, hata iwe na nguvu namna gani. Kisima kirefu kikikupita hapo, huna lako.

Mtauliza, bahari je? Bahari tumeivuta sana. Lakini maji ya bamvua yakishatoka, pale ulipozoea kutia bomba panabaki tope na mawe. Na ukishatumia maji ya chumvi lazima pampu na mipira ioshwe kwa maji baridi usiku ule ule, hata kama mmechoka vipi, la sivyo chumvi inakula chuma.

Sasa nyumba. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni mnene na unazuia moto vizuri usivuke kwa jirani. Wasiwasi wetu ulikuwa juu. Dari ya kale imebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, uzito mkubwa sana. Boriti huungua polepole upande wa ndani ya ukuta, pasipoonekana. Kwa nje unaona moshi mdogo, moto kama umelala, kumbe kichwa cha boriti kimekwisha. Hapo ndipo mkubwa wa zamu anapopuliza filimbi watu watoke, na mwenye nyumba anatutukana kwamba tumeacha mali yake. Na jiwe lenyewe lina mwisho wake: chokaa ya kujengea tumeipata kwa kuchoma matumbawe hayo hayo kwenye tanuru. Likipata joto kali kwa muda mrefu linalegea, na ukilimwagia maji baridi ghafla linapasuka.

Gari kubwa haliingii Mji wa Kale. Linasimama barabara ya nje na mipira inavutwa kwa miguu, kipande kwa kipande, kona kwa kona. Kila kona mpira unajikunja na maji yanapungua nguvu. Pikipiki moja iliyofungwa mnyororo mlangoni mwa kichochoro inatosha kutuzungusha hadi njia nyingine.

Mama Majengo

Mzee, shikamoo. Nimesoma hadi machozi yamenitoka kwa sababu sisi ni miongoni mwa waliotukana.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani jikoni, wapangaji kila chumba. Moto ulianzia chumba cha nyuma, stima iliyounganishwa kutoka chumba hadi chumba kwa waya mwembamba. Paa lilikuwa mabati, lakini chini yake makuti ya zamani hayakuondolewa, mabati yalipigiliwa juu yake tu. Wengi Majengo wanafanya hivyo kupunguza joto. Moto uliingia baina ya makuti na mabati ukakimbia nyumba nzima, na maji ya ndoo hayafiki huko. Yanagonga bati yanateremka.

Zimamoto walipofika hawakuanza na nyumba yetu. Walivunja paa la jirani ambaye hata hajaungua. Tulipiga kelele, jirani mwenyewe alimshika kijana mmoja shati. Baadaye ndipo nilipofahamu: yetu ilikuwa imekwenda tayari, wao walikuwa wanakata njia ya moto. Nyumba zote za mstari ule zimesimama hadi leo kwa sababu ya lile paa lililovunjwa.

Mstaafu wa Zamu

Marahaba mama, na pole sana. Kuchagua nyumba ya kuacha ndiyo kazi iliyonisumbua zaidi katika maisha yangu ya kazi, kuliko moto wenyewe. Makuti chini ya mabati tafadhali yaondoeni. Hapo kijana hana pa kuelekeza maji mpaka apande avue bati, na bati lile lina moto na misumari.

Mlikoni

Mimi ni wa ng'ambo. Gari likitoka kisiwani kuja Likoni, njia ya karibu ni feri. Feri hulipisha, hilo nimeliona kwa macho, abiria wanasogezwa na gari la zimamoto linaingizwa mbele. Lakini kupishwa si kuruka. Feri iwe upande ule, ishushe, ipakie, ivuke, ishushe tena. Makuti hayangoji. Barabara ya Dongo Kundu, inayofika upande wetu bila feri, imesaidia magari mengine, ila kwa moto ni mzunguko mrefu. Kituo chenye gari na wafanyakazi usiku na mchana upande huu ni haki yetu, si hisani. Kijana wa Shelly Beach na kijana wa Ganjoni wanaungua sawa.

Bahari ya Kilindini

Nafanya kazi upande wa bandari, kwa hivyo nitasema ya huko.

Watu wa mjini wanadhani moto wa meli ni maji mengi tu. Meli ukiijaza maji juu inapoteza usawa, inaweza kulala ubavu hapo hapo gatini, na sasa una moto na meli iliyozama penye njia ya meli nyingine. Mwenye kuzima moto wa meli ana mtu wa kuhesabu kiasi cha maji yaliyoingia na namna ya kuyatoa. Chumba cha injini mara nyingi hufungwa milango yote na kujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, na kabla ya hapo watu huhesabiwa hadi wa mwisho, kwani gesi hiyo humuua binadamu kimya kimya kama inavyoua moto.

Mizigo nayo ina tabia zake. Marobota ya pamba au katani hushika moto ndani. Nje unaona umezima, ndani linaendelea kuungua siku na siku. Lazima yafunguliwe moja moja na kuloweshwa.

Mafuta ndiyo yanayotunyima usingizi. Shimanzi kuna matangi, na Kipevu kuna gati jipya la mafuta, lililozinduliwa 2022, linaloweza kupokea meli nne kwa pamoja. Mafuta hayazimwi kwa maji matupu, yanaelea juu ya maji na kusambaa nayo. Hutumika povu: dawa yake huchanganywa na maji kwa asilimia 3 au 6, kutegemea aina, ikatandazwa juu ya mafuta iyanyime hewa. Maji yanatumika kupoza matangi ya jirani. Tagi zetu, zile meli ndogo za kuvuta meli kubwa, nazo zina mizinga ya maji ya kupigia kutoka upande wa bahari. Bandari na mji huitana: moto mkubwa mjini, kikosi cha bandari kimeonekana mara nyingi tu, moto mkubwa bandarini, wa mji wanakuja.

Dada wa Nyali

Mimi niko hotelini, pwani ya kaskazini. Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, makuti yanakauka hadi ukiyagusa yanavunjika, na upepo unatoka baharini moja kwa moja. Cheche moja ya jiko la mishikaki paa linakwenda kwa dakika chache. Kwetu jiko la makaa sasa halikai chini ya makuti hata mgeni akilia, na kuna bomba juu ya mgongo wa paa linalolowesha makuti moto ukitokea jirani. Kanuni za 2007 za kupunguza hatari za moto kazini zinataka kila mahali pa kazi pawe na mazoezi ya kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka. Tunafanya. Wageni wengine hununa, tunawaomba radhi na tunaendelea.

Swali langu kwa mzee: mtungi wa gesi ukiwaka jikoni tufanyeje? Kila mtu anasema lake.

Mstaafu wa Zamu

Dada, inategemea. Kama ni mdomo wa mtungi unaowaka na unaweza kufika kwenye vali bila kuungua, lowesha taulo, jifunike mkono, ufunge vali. Gesi ikikatika moto unakufa wenyewe. Usiuzime moto ukaiacha gesi inatoka, kwani gesi ile ni nzito kuliko hewa. Inateremka chini, inatambaa sakafuni hadi ikute jiko la jirani, na mlipuko wake ni mbaya kuliko ule moto wa kwanza. Ukinusa gesi bila moto, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya stima, si kuwasha wala kuzima. Na mtungi ukiwa ndani ya moto, umezungukwa na ndimi, hapo huna la kufanya karibu nao. Toa watu, na uwaambie watu wa zimamoto wakifika tu: kuna mtungi, uko chumba fulani. Neno hilo limeokoa wenzangu.

Tuktuk ya Mwembe Tayari

Sisi madereva tunalaumiwa, na mara nyingine ni haki. Lakini king'ora kikisikika pale Mwembe Tayari jioni, hata ukitaka kupisha huna pa kwenda, wachuuzi wako barabarani na matatu zimesimama mistari miwili. Stejini kwetu tulikubaliana: king'ora kikilia, wa mbele kabisa anatoka hata kama ana abiria wanaopanda, wa nyuma wanafuata. Kingine ni simu za kurekodi. Juzi watu walisimama juu ya mpira wa maji wapate picha nzuri. Mpira umekanyagwa, maji mbele yamepungua, na hao hao wanapiga kelele zimamoto hawafai. Iliniuma sana.

Mwana wa Kibokoni

Ahsanteni nyote. Mzee, la mwisho: tukipiga simu tuseme nini? Nyumba zetu hazina namba.

Mstaafu wa Zamu

Piga 999 au 112, piga kwanza, ndoo baadaye. Usianze na "njooni haraka", kila mtu anasema hivyo. Sema mtaa, kisha msikiti au shule iliyo karibu zaidi, kisha barabara ambayo gari linaweza kusimama. Sema kinachoungua: nyumba ya makuti, ghorofa, duka la rangi, gari. Sema kama kuna mtu ndani, na yuko chumba gani. Usikate simu mpaka aliyepokea akurudishie maneno yako. Kisha tuma vijana wawili: mmoja akasimame barabarani kutuonyesha njia, mwingine aondoe pikipiki kichochoroni. Na anayejua kisima kilipo akae karibu na dereva.

Mwana wa Kibokoni

Basi Jumamosi baada ya alasiri tunapita Kibokoni yote, tunatafuta haidranti na visima, tunaviandika kwenye karatasi ibandikwe misikitini, na nakala tupeleke kituoni. Nimeshaongea na maimamu wawili, wameafiki. Walio Kuze na Mkanyageni, mkitaka tuungane semeni hapa, tukutane mbele ya Fort Jesus. Mzee, ukijaaliwa uje, tutakuletea kiti.