Eti "si wote ni PM tu"!! Leo nimedhalilishwa mbele ya kikao kizima

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule bosi, mnamjua, kila ofisi inaye, kaninyooshea kidole mbele za watu: "Wewe si PM? Chati ya tarehe iko wapi?" Nikamwambia bosi mimi ni meneja wa bidhaa (product manager), ratiba na bajeti anazo meneja wa mradi (project manager), yule pale amekaa. Akacheka. AKACHEKA! "Si wote ni PM tu."

Miezi minne nahoji wateja mpaka koo limeota kutu, nijue shida yao ni nini, tujenge kipi tuache kipi, halafu naulizwa chati ya Gantt, ile ya mistari ya tarehe! Mradi una mwisho jamani, ukikabidhiwa mnapiga picha mnaachana. Bidhaa ikiingia sokoni ndo kwanza kazi inaanza, wateja wakiisusa nasulubiwa mimi hata kama ilitoka kwa wakati na bajeti ikabaki. Na si kazi ya jana, Neil McElroy wa Procter & Gamble, ile kampuni ya sabuni, aliandika memo mwaka 1931 akitaka kila chapa iwe na watu wake wa kuibeba. 1931! Leo mtu anacheka. Na meza nzima ikacheka naye, hadi projekta naona ilicheka.

MzeeWaRatiba: Mimi ni meneja wa mradi. Nyie mnabadilisha mawazo Jumatatu, Ijumaa naulizwa mimi mbona tumechelewa. Uzi wangu nani atafungua?

Kichwa_Ngumu: Ungemchorea mistari miwili akatulia, unalia nini mtu mzima 😂😂

KodaMkimya: Mmoja anakuja mezani kwangu "imefika wapi", dakika kumi baadaye mwenzie naye "imefika wapi". Kwangu nyie mtu mmoja.

Mleta uzi: Ndo yale yale aliyosema!! Na huku akicheka!

BintiWaData: Afadhali nyie, skramu masta wetu, yule msimamia vikao vya timu, kikao chake cha asubuhi ni dakika 15 ila tunasimama saa nzima.

KodaMkimya: Saa nzima? Sisi tulishaanza kuja na viti.

MzeeWaRatiba: 😂😂 skramu masta wafunguliwe uzi wao, nipo siti ya mbele.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye kile kicheko

BintiWaData: Kicheko gani tena?