Kahawa ya punje: ya supamaketi au iliyokaangwa juzi?

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wanaojitengenezea kahawa nyumbani.

Nipo Dar, nina kinu kidogo cha mkono na chujio la karatasi. Huwa nachukua punje za supamaketi, arabika ya Kilimanjaro. Pakiti ina tarehe ya mwisho wa matumizi tu, siku ya kukaangwa haipo. Nikimwagia maji moto haifuri hata kidogo, wakati kahawa mpya hutoa povu kwa ile hewa ya ukaa iliyobaki ndani ya punje. Nahisi imekaa sana rafuni.

Kuna jamaa anakaanga arabika ya Mbinga kwa oda, ila bei yake ni karibu mara mbili. Hapo ndipo nakwama.

Je, tofauti inaonekana kweli kikombeni, hasa ukiweka maziwa? (Mama watoto hanywi bila maziwa.) Ikishakaangwa niiache siku ngapi ndipo nisage? Na kwa joto hili letu, nihifadhi kabatini au kwenye friza?

Aliyewahi kukaanga buni mwenyewe kwenye sufuria, moshi ukoje? Naishi ghorofani.