Walimu wa tuisheni hapa Mbeya, acheni kuwafundisha watoto wetu "works hardly"!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuzificha. Mwanangu yuko kidato cha pili, anasoma tuisheni maeneo ya Mwanjelwa. Kwenye zoezi kaandika "My father works hard". Mwalimu kampiga kosa la wino mwekundu, pembeni kaandika "works hardly", eti kielezi lazima kiishie na -ly.

Mnajua alichoandika? Kwamba mimi baba yake kazi sifanyi, nagusagusa tu! Mimi ninayedamkia shambani Uyole!

"Hard" ni kivumishi na ni kielezi hapo hapo, haiongezwi kitu, sawa na "fast". "Hardly" ni neno lenye maana yake: kwa shida sana, karibu na hapana. "It hardly rains in July" ndiyo Mbeya yetu, Julai mvua huioni. "It rained hard" ni ile ya Machi kule Tukuyu. Sasa mtoto akizichanganya hizo mbili, kaelewa nini?

Na madhara hayaishii hapo. Kwa kuwa "hardly" imebeba ukanushi ndani yake, kwenye question tags (yale maswali mafupi ya mwisho wa sentensi, kama "sivyo?") tunasema "He hardly eats, does he?", siyo "doesn't he". Halafu kuna ile ya kubadili sentensi: "Hardly had the bus left Makambako when it broke down", yaani basi limetoka tu Makambako, likaharibika. Maswali ya aina hii watoto wanakutana nayo sana kwenye mitihani. Aliyekaririshwa kuwa ni "kwa bidii" atatokea wapi?

Najua kuna mtu atakuja kusema zamani Waingereza waliitumia "hardly" kwa maana ya nguvu. Ni kweli, karne nyingi zilizopita. Mwanangu anafanya mtihani wa leo.

Nilimfuata mwalimu kwa heshima zote. Jibu lake: "Mzee, kitini ndivyo kinavyosema." Kitini chenyewe fotokopi ya fotokopi! Kamusi iko kwenye simu yake, kuifungua hataki, lakini ada ya mwezi ikichelewa mtoto anarudishwa nyumbani.

Wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe, kagueni madaftari leo jioni. Mkiikuta "works hardly" imewekewa vema, pigeni picha muiweke hapa, jina la mtoto mlifiche. Jumamosi narudi pale na kamusi mkononi, na safari hii nataka kuonana na mwenye kituo.