Vipimo vya nyumbani: vinamfaa mtu wa mazoezi ya kawaida au ni mbwembwe?

Wakuu, salaam. Mimi mazoezi yangu ni ya kawaida tu: kutembea kwa kasi, kukimbia kidogo, kuruka kamba. Siumwi chochote. Nataka vifaa vya kujipima nyumbani, na orodha inazidi kurefuka: saa janja, mashine ya presha, kile cha kubana kidoleni cha oksijeni, na mzani unaosoma mafuta ya mwili. Mke wangu anasema nitaishia kujitafutia ugonjwa. Kipi nichukue?

Kambakamba: Cha kidoleni achana nacho. Mwenye mapafu mazima husoma 95 hadi 100, jana, leo na kesho. Halafu vidole vikiwa baridi au kucha ina rangi kinadanganya, na kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi.

Dada Mkubwa: Anza na mashine ya presha, maana presha hupanda kimyakimya. Chukua ya kufunga mkono wa juu. Ya kifundo cha mkono huyumba. Usipime ukitoka mazoezini au kunywa kahawa, subiri nusu saa. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Funga kwenye ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, uachie dakika moja katikati, uandike. Ikiwa siku kadhaa inakuja 135/85 au zaidi, mpelekee daktari hilo daftari.

Mleta uzi: Kumbe hata kukunja nne kunapandisha! Na saa je?

Mzee wa Pumzi: Saa inafaa kwa mapigo ya moyo, hasa ya asubuhi kabla hujainuka kitandani. Yakishuka taratibu mwezi hadi mwezi, ujue pumzi inajengeka. Kalori inazokuonyesha zipuuze kabisa, usije ukala kwa kuzitegemea. Hatua 10,000 nazo hazikutoka kwa daktari. Zilianza na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Mzani wa mafuta ukinywa maji tu namba inahama.

Mleta uzi: Basi presha kwanza. Shemeji yenu naye kashaanza kuuliza inaletwa lini 😀

Dada Mkubwa: Pimeni kwanza mzingo wa mikono yenu wote wawili. Kitambaa cha mashine kinachofungwa mkononi kikiwa kidogo kwa mkono, namba inapanda bure.