Suti nyeusi, shela nyeupe, taa za zambarau: ninunue flashi, nibadili bodi ya kamera, au nifokasi kwa mkono?

Mdau_wa_Harusi (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za jioni. Napiga harusi na sendofu kwa Canon 6D na lenzi ya 85mm f/1.8 (f ni upenyo wa lenzi: namba ndogo, mwanga mwingi). Mchana sina tatizo. Kazi inakuwa ngumu ukumbini: bwana harusi kavaa suti nyeusi tii, taa nyeupe zimezimwa, zimebaki LED za zambarau na bluu. Nikimlenga kifuani, lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, haishiki fokasi (ukali wa picha), na kitufe hakipigi. Shela ya bibi harusi nayo ni hivyo hivyo, weupe mtupu. Nafikiria mambo matatu: flashi ya mtumba yenye ile taa nyekundu ya kusaidia fokasi, bodi mpya isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), au nizoee kufokasi kwa mkono. Waliopita huku mnanishauri nini?

FundiLenzi (Arusha)
Kaka, kabla hujatoa hela, jua kamera yako inatafuta nini. 6D inalinganisha picha mbili za kitu kimoja: moja imepita upande huu wa lenzi, nyingine upande ule. Zikipishana, inajua izungushe lenzi kwenda wapi na kwa kiasi gani. Lakini ili ilinganishe lazima kuwe na alama ya kushika: ukingo, mshono, kifungo, nywele. Kifua cha suti nyeusi gizani hakina alama, kwa hiyo picha zote mbili ni weusi tu na hakuna cha kulinganisha. Shela tupu ni habari hiyohiyo kwa rangi nyingine. Ndiyo maana ukuta uliopakwa chokaa saa sita mchana unaweza kuishinda kamera ileile inayoshika ukosi wa shati usiku.

Sasa, 6D ina pointi 11 za fokasi (sehemu za fremu inapopimia), na ya katikati peke yake ndiyo ya msalaba, yaani inasoma mistari ya wima na ya mlalo. Hiyo ndiyo Canon wanayosema inafanya kazi mpaka -3 EV (EV ni kipimo cha mwanga), karibu na mwanga wa mbalamwezi. Kumi za pembeni ni dhaifu zaidi, na kwenye ukumbi wa giza mimi nisingezigusa. Weka pointi ya katikati, lenga pale weusi wa koti unapokutana na weupe wa shati, au kwenye nyusi. Kwa bibi harusi, lenga pindo la shela, taji au hereni. Ukifanya hivi tu, sehemu kubwa ya tatizo lako inaondoka bila kununua chochote.

Kati ya zile tatu, kwa kamera uliyonayo nakupa flashi. Taa yake inarusha michirizi myekundu juu ya nguo, na hiyo michirizi ndiyo inakuwa alama. Suti ikiwa tupu, flashi inaichorea. Zingatia mawili. Inawaka ukiwa kwenye One Shot (fokasi ya kushika mara moja) tu, kwenye AI Servo (fokasi ya kumfuata anayetembea) haiwaki. Na 6D haina taa ya aina hiyo kwenye bodi, kwa hiyo lazima flashi iwe juu.

Bint_MjiMkongwe (Zanzibar)
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi natetea bodi mpya, lakini kwa masharti. Napiga sana shughuli za akina mama, mabuibui meusi, ukumbi hauna mwanga, na wenyewe hawataki flashi iwamulike usoni. Nilihamia Canon R6, isiyo na kioo. Inatafuta jicho yenyewe, na hata mama akiwa amevaa ninja, macho yakionekana mara nyingi inayapata. Hapo kaka ndipo tofauti ilipo: wewe huna haja ya kuhamisha pointi, unaangalia uso na tukio.

Ila msidanganyike na tarakimu. Ile -6.5 EV inayoandikwa kwenye R6 ni kwa lenzi ya f/1.2 na pointi ya katikati. Ukiweka lenzi ya f/4 mwanga unaofika umepungua zaidi ya stopu tatu (kila stopu inakata mwanga nusu). Na pikseli za sensa yake (sehemu inayonasa picha) zimegawanywa kushoto na kulia, kwa hiyo inasoma vizuri mistari ya wima lakini ya mlalo inaisumbua. Kanga au kitambaa chenye mistari ya kulala kinaweza kuihangaisha. Dawa yake ni kuinamisha kamera kidogo, ishike, kisha uinyooshe. Canon walileta mfumo wa msalaba kwenye R1 mwaka 2024, na bei yake si ya kazi zetu.

Jambo jingine: ile michirizi myekundu ya flashi za zamani haifanyi kazi na bodi nyingi zisizo na kioo. Ukinunua flashi leo kwa sababu hiyo tu na mwakani ukabadili bodi, umelipia mara mbili.

FundiLenzi
Hilo la mwisho dada umesema kweli, nilisahau kuligusa. Kuhusu watu wasiotaka kumulikwa: kwenye 6D unaweza kuzuia flashi isipige, ukaacha taa ya fokasi pekee. Kwenye menyu kuna chaguo la kutumia ile ya infraredi tu (ndiyo hiyo nyekundu). Wageni wataona wekundu hafifu kifuani kwa muda mfupi, basi.

Picha_Mvita (Mombasa)
Kwa mkono mimi naona ni kwa vitu vilivyotulia: keki, pete, viatu, mapambo ya jukwaa. Washa skrini ya nyuma, kuza mara 10, zungusha taratibu. Hapo hakuna mashine itakayokushinda. Lakini maharusi wakiingia wanacheza, sahau. Tena kioo cha kuchungulia cha kawaida cha DSLR (kamera yenye kioo cha ndani, kama 6D yako) hakikuonyeshi ukali halisi wa f/1.8. Jicho linaona picha iko sawa, nyumbani unakuta fokasi imelala sikioni.

Mdau_wa_Harusi
Asanteni sana wakuu. FundiLenzi, nikishika ukosi kwa pointi ya katikati kisha nikahamisha fremu, picha haiharibiki?

FundiLenzi
Inaweza. Kwa 85mm, mtu akiwa mita 2.5, f/1.8 inakupa kina (eneo linaloonekana kali) cha kama sentimita 9 tu, nusu mbele na nusu nyuma. Ukishika fokasi katikati kisha ukazungusha kamera mpaka uso uwe karibu na ukingo wa fremu, fokasi inaangukia nyuma ya uso kwa kama sentimita 5. Umeshatoka nje ya kina hicho. Funga mpaka f/4, kina kinafika sentimita 20 hivi na tatizo linaisha, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ipande tu. Au piga ukiwa na nafasi ya ziada pembeni, ukate baadaye.

Bint_MjiMkongwe
Mimi ningekuwa wewe, kaka, ningeanza na huo ukosi wa shati na f/4 kwa msimu huu. Flashi unaihitaji hata hivyo kwa kuangaza watu, basi chukua yenye hiyo taa. Bodi isubiri mpaka kazi ziilipie.

Picha_Mvita
Naunga mkono. Na kwa kuwa ni ya mtumba, usilipe kabla ya kuipima kwenye kamera yako. Nenda nayo, weka One Shot na pointi ya katikati, lenga kona yenye giza dukani, bonyeza kitufe nusu. Usipoona michirizi myekundu, mrudishie, hata kama flashi yenyewe inapiga vizuri.