Ushauri: Nikishika kinanda wakati wa maombezi watu wanalia. Ni Roho au ni vidole vyangu?

Mwana wa Solfa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na nyie msio wa imani hii heshima kwenu, naomba tu uzi usigeuke wa kutukanana dini.

Napiga kinanda usharika mmoja wa Kilutheri, nisingependa kuutaja. Nilifundishwa na mwalimu wa kwaya wa zamani, yule wa kuandika solfa (noti za do, re, mi) ubaoni, sauti nne, ukikosea nusu pigo anasimamisha kwaya nzima. Ibada ya kwanza bado tunaimba hivyo. Ibada ya pili ni ya vijana: dramu, gitaa la besi, spika ndefu kuliko mimbari, kusifu, kuabudu, neno, halafu maombezi.

Kucheza hakunisumbui. Wanapiga sebene hadi vumbi linatoka kwenye zulia, na mimi ndiye ninayewapigia. Shida yangu ni kile kipande cha maombezi. Mhubiri akikaribia kumaliza ananipa ishara ya kidole, naingia taratibu na sauti ya nyuzi. Mkono wa kushoto unatembea do, la, fa, so, narudia. Yeye anashusha sauti: "Kuna mtu hapa asubuhi ya leo..." Nikishazunguka vya kutosha napandisha ufunguo nusu sauti, na hapo ndipo kilio kinaanza, kwanza benchi za akina mama upande wa kulia, kisha nyuma. Naweza kukuambia kabla.

Kuna Jumapili umeme ulikatika katikati na jenereta likagoma kuwaka. Mhubiri akaendelea na maneno yaleyale kwa sauti ileile. Watu wakafumbua macho, wakatazamana, mmoja akaangalia simu. Hakuna aliyelia.

Sasa ameniomba niwe naendelea hivyohivyo mpaka sadaka ya shukrani ipite. Maneno yake: "Usiwaache wapoe." Nimemwambia nitafikiri. Mke wangu anasema mimi ni fundi tu, fundi haulizi nani atalala kwenye nyumba. Mzee mmoja wa ibada ya kwanza anataka niache kabisa. Nishaurini: niendelee, niache, au nimwambie nini mchungaji bila kuonekana nimeota mapembe?

chapuchapu

Unalipwa mkuu? Kama hulipwi, mbona wewe ndiye bosi hapo 😂

Mtu wa Sabato

Pole mtumishi. Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu la Wasabato, aliandika kuhusu hili mwaka 1900, baada ya taarifa za mkutano wa makambi kule Indiana, Marekani: makelele, ngoma, muziki na kucheza, mpaka watu wenye akili zao wanachanganyikiwa, kisha inaitwa kazi ya Roho Mtakatifu. Kwetu sauti za watu zinatosha, na kinanda kidogo. Wewe umeona kosa kwenye nyuzi lakini sebene umeliacha lipite. Anza na sebene.

Mama Besi

Kaka wa Sabato, Indiana ni Indiana. Mimi ni wa Kagera. Huku wazee wetu waliambiwa ngoma ni ya shetani na waliamini, wengine waliziteketeza. Halafu 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi pale Makumira, chuo cha theolojia cha Kilutheri, akaandika "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kihaya. Leo wimbo huo umo kwenye kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, haohao waliotuletea vitabu vya nyimbo. Pasaka mwangalie mtu anayeuimba kama miguu yake inatulia! Na Zaburi 150 imesema matari na kucheza, haijasema matari na kukaa.

Mwenye uzi, mimi sioni shida kwenye miguu. Mtu akicheza macho yako wazi, anamwona jirani yake, anacheka. Hapo ni vigumu kumchukulia kitu.

Mkristu wa Bukavu

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkatoliki, niko Bukavu, mnisamehe Kiswahili chetu.

Sisi tuna misa kwa riti ya Zaire, yaani utaratibu wa misa wa Kongo, Roma iliipitisha 1988. Wakati wa wimbo wa Utukufu padri na watumishi wanazunguka altare wakicheza, na waamini wanacheza pale walipo. Papa Fransisko aliongoza misa hiyo Vatikani Desemba 2019 pamoja na Wakongomani wa kule, kwa hiyo si jambo la kufanya kwa kificho. Sasa angalieni namna inavyochezwa. Hatua ni moja kwa wote, ngoma haipandi kasi kumfukuza mtu. Bibi yangu ana magoti mabovu na anaicheza yote. Hakuna anayeanguka. Toba haiko pale mwanzoni kama kwingine, inakuja baada ya mahubiri na Nasadiki (kanuni ya imani), tumeinamisha vichwa, mikono imepishana kifuani, na wakati huo hakuna mtu anayecheza.

Kwa hiyo mkisema kucheza ni kuwasha hisia, miye sielewi kabisa. Kwetu kucheza ni utaratibu. Hicho kinanda cha ndugu ndicho sikijui.

Dogo wa Ibada ya Pili

Wazee wa ibada ya kwanza mnanichekesha. Msibani mnaimba wimbo wa kuaga polepoleee, jeneza linatoka, kila mtu analia. Mbona hapo hamsemi mmechezea hisia za watu?

Mama Besi

Dogo, msibani kuna marehemu.

Nimepona

Mimi nilikuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni. Niliitwa mbele siku kinanda kinalia hivyohivyo unavyoeleza. Sijui alikuwa nani, vidole au Roho. Ninachojua pombe sijairudia. Msitupe kila kitu.

mwanafunzi wa chuo cha biblia

Ndugu Nimepona ana hoja, na wala si hoja mpya. Augustino, askofu wa Hippo (Algeria ya leo), ameandika pande zote mbili kwenye maandiko yake yaitwayo Maungamo. Kitabu cha 9 anakumbuka alivyolia kwa nyimbo za kanisa la Milano alipobatizwa, na anasema machozi yale yalimfaa. Kitabu cha 10 anageuka: ikitokea akaguswa na uimbaji kuliko kinachoimbwa, anaona ametenda dhambi, na afadhali asingemsikia mwimbaji. Ni mtu yuleyule, na mwishoni anaegemea kuuacha wimbo ubaki kanisani. Elisha naye, 2 Wafalme 3, aliita mpiga kinanda kwanza ndipo neno la Bwana likamjia. Lakini tazama kinanda kilimlainisha nani. Kilipigwa kwa ajili ya nabii, si kwa ajili ya wafalme watatu waliokuwa wanasubiri jibu.

Mzee wa Kupampu

Kijana, mimi nilianza na vile vinanda vya kupampu kwa miguu. Wenzangu wamekupa maandiko, mimi nikupe kazi.

Mhubiri akiwa anasema, usipige. Kabisa. Akisema "tuombe", bado usipige, acha watu wasikie feni na pumzi zao wenyewe. Utaona ni muda mrefu sana, mchungaji naye atakugeukia akidhani umelala. Kaa hivyohivyo. Baada ya hapo, kama anataka muziki, mpe wimbo ambao maneno yake yanajulikana, piga ubeti mzima uanze na uishe. Hiyo do, la, fa, so isiyokwisha ndiyo ubaya wake, haina maneno, kwa hiyo kila atakachosema aliye na maiki kinakaa juu yake na kuonekana ni kizito. Leo anasema samehe, kesho anasema toa. Wewe unapiga vilevile. Kupandisha nusu sauti weka ubeti wa mwisho wa wimbo wa Pasaka, watu wamesimama wanaimba wenyewe.

Sadaka nayo ifanye iwe ya kucheza. Nasema kweli. Mama Besi amegusa penyewe. Mtu akitoka kwenye benchi anacheza, noti mkononi, ameshaamua ni shilingi ngapi tangu nyumbani. Yule anayetoa amefumba macho huku analia ndiye Jumatatu anamwambia jirani hajui nauli ya mtoto ataitoa wapi.

Kwa mchungaji usiende Jumapili, na usilipeleke baraza la wazee kabla hujaongea naye, utakuwa umemvua nguo. Nenda katikati ya wiki, mkiwa wawili. Usiseme "unawadanganya watu", maana pengine hajawahi kuwaza hivyo. Sema: tujaribu maombezi bila kinanda, tuone. Akikataa hilo, bado unaweza kukataa moja tu la sadaka. Mwambie wakati ule naomba kwaya iimbe, mimi napumzisha vidole. Hakuna mchungaji atakayekufukuza kwa hilo, wapiga vinanda ni wachache.

chapuchapu

Si nilisema yeye ndiye bosi.

Mwana wa Solfa

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Mkuu chapuchapu, silipwi, napewa nauli, na wakati mwingine inasahaulika. Ndugu Nimepona, maneno yako ndiyo yamenikalia zaidi, kwa hiyo kuacha kabisa nimelitoa. Mzee wa Kupampu, mchungaji nimeshamwomba nafasi Jumanne. La sadaka sipigi hata akinuna, hilo nimemaliza.

Sasa nisaidieni jingine. Ibada ya pili nyimbo za kitabuni hawazijui, na sebene kwa sadaka litachukua saa nzima. Nani ana pambio la mwendo wa kutembea, linaloenda hata na ngoma moja tu? Niwekeeni solfa hapa.

Mama Besi

Ninalo la Kihaya, nimelitafsiri mwenyewe. Ufunguo gani, G?

Mwana wa Solfa

F tafadhali. G sauti ya kwanza watapiga kelele.